Pesa ya kijani ilianzia wapi, na sisi tuko wapi?

Juzi mmoja wetu aliuliza: hii "fedha ya kijani" inayotajwa redioni ni kitu gani? Tukaona tuandike kidogo.

Wakubwa huanza kuisimulia kutoka juu. Mwaka 2008 Benki ya Dunia ilitoa hati fungani yake ya kwanza ya kijani, baada ya mifuko ya pensheni ya Uswidi kutafuta mahali pa kuweka pesa isaidie mazingira. Mwaka 2017 Fiji na Nigeria nazo zikatoa za kwao. Hati fungani ni deni tu: serikali inakopa, inaahidi kutumia pesa kwenye jua, maji au misitu, halafu inalipa na riba. Sawa. Lakini hiyo haifiki kwenye nyumba ya turubai.

Sisi tunaanzia Bangladesh. Mwaka 1996 lilianzishwa huko shirika la Grameen Shakti, likawa linawauzia wanavijiji sola kwa mkopo. Hesabu yao ilikuwa rahisi: maskini tayari analipia mwanga, maana ananunua mafuta ya taa. Basi pesa ile ile igeuzwe malipo ya mwezi, na baada ya miaka 2 au 3 sola ni yako. Mwaka 2003 kampuni ya serikali, IDCOL, ikachukua pesa ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ikayakopesha mashirika, nayo yakawakopesha wanavijiji. Nyumba zilizopata sola zikapita milioni 4. Baadaye mambo yakaharibika: umeme wa serikali ukafika vijijini, sola nyingine zikagawiwa bure, na wengi wakaacha kulipa. (Kusema kweli, nani angeendelea?)

Kenya, tangu 2012, M-KOPA ikaunganisha sola na simu: unalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, usipolipa inazimwa kutoka mbali. Mtindo huo umefika mpaka huku.

Tulienda kwa muuzaji mmoja pale sokoni. Bei tungeiweza, pesa tunayolipa kuchajisha simu tu ingetosha. Akaomba kitambulisho cha taifa. Tukampa karatasi ya ukimbizi, akairudisha bila hata kuisoma. Mwishowe mama mmoja mwenyeji, anayetuuzia mihogo, akakubali aandikwe yeye. Tunampelekea pesa kila Jumamosi. Sola ina jina lake, deni lina jina lake, taa inawaka kwetu. Mpaka leo hatujakosa wiki hata moja.