Somo la Historia: Timu Kubwa Iweke Wapi Timu Zake Ndogo?

Fungueni madaftari yenu, na mwalimu aandike ubaoni neno moja: KITALU.

Ninyi wa Manyamanyama, Bunda, hamna haja ya kufundishwa kitalu ni nini. Ni mahali padogo ambapo miche ya nyanya au ya miti hulelewa kabla ya kupelekwa shambani. Mkulima hakiweki popote tu. Hutafuta maji, hutafuta kivuli, hutazama mbuzi wa jirani hupita wapi. Tena hutazama umbali, maana miche ikibebwa njia ndefu juani hufika imenyauka.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa darasa lenu alituuliza swali zuri. Alisema: timu kubwa ya mpira ikitaka timu ndogo za kulea vijana, iziweke wapi? Karibu na nyumbani, au mbali? Leo tutamjibu kwa historia ya Marekani, kwa sababu huko jambo hili limefanywa kwa miaka zaidi ya 100, na makosa yake yanajulikana. Mchezo wenyewe si mpira wa miguu. Ni besiboli. Mtu mmoja hutupa mpira mdogo mgumu, mwingine hujaribu kuupiga kwa gongo, na akiupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Hayo yatosha kwa leo.

Hapo zamani timu za miji midogo ya Marekani zilikuwa mali ya wenyeji wa miji hiyo. Akitokea kijana hodari, aliuzwa kwa timu kubwa yenye kutoa bei ya juu, kama ng'ombe mnadani. Sasa katika mji wa St. Louis kulikuwa na timu iitwayo Cardinals, nayo ilikuwa maskini. Mkuu wake, Branch Rickey, alikuwa na jicho la kumtambua mchezaji, lakini mfuko wake ulikuwa mtupu. Kila alipomtaka kijana fulani, matajiri walijua kwamba kijana huyo ni wa maana, nao wakapandisha bei.

Rickey akasema na nafsi yake: ikiwa siwezi kununua, nitapanda. Kuanzia mwaka 1919 timu yake ikaanza kununua hisa katika timu ndogo: Fort Smith katika jimbo la Arkansas, Houston katika Texas, kisha Syracuse katika jimbo la New York. Watu wakaziita timu hizi "mashamba", na jina hilo Wamarekani wanalitumia hata leo.

Tazameni ramani. Wakati ule St. Louis ulikuwa mji wa mwisho upande wa magharibi na kusini kuwa na timu kubwa. Mbele yake kulikuwa na nchi pana ya wakulima wasio na timu kubwa yo yote. Rickey aliweka mashamba yake huko walikokuwa vijana ambao wengine hawakuwa wakiwatazama. Mmoja wao aliitwa Dizzy Dean, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1910 katika jamaa ya wachuma pamba. Ninyi mliokwisha kuinama katika pamba siku nzima mnajua mkono wa namna hiyo unavyokuwa. Dean alipitia timu ndogo ya Houston, na mwaka 1934 alipata ushindi katika michezo 30, na Cardinals wakawa mabingwa wa nchi.

Lakini kitalu kina ubaya wake pia. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1930, Cardinals walikuwa na mikono katika timu ndogo zaidi ya 30. Kijana aliweza kukaa huko mpaka ujana wake ukaisha, maana hakuwa na ruhusa ya kuhama. Mwaka 1938 msimamizi mkuu wa besiboli, Jaji Landis, aliwaacha huru wachezaji zaidi ya 70 wa Cardinals kwa mara moja. Rickey hakupenda. Nadhani wale vijana walipenda.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo hasa ndiyo sababu ya somo hili.

Kwa miaka mingi hakuna Mmarekani Mweusi aliyeruhusiwa kucheza katika timu hizi, kubwa wala ndogo. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Wakubwa walikuwa wamepatana tu. Rickey alihamia timu ya Brooklyn Dodgers, mjini New York, mwaka 1942, naye akakusudia kuuvunja ukuta huo. Akamchagua Jackie Robinson, aliyekuwa luteni katika jeshi, kisha mchezaji wa timu ya watu weusi ya Kansas City Monarchs. Habari ilitangazwa tarehe 23 Oktoba 1945.

Mchezaji alikwisha kupatikana. Swali likawa: aanzie wapi? Akiwekwa katika mji wenye watu wa kumtukana kila siku, hata hodari atashindwa, na wale wasiomtaka watasema, "Mnaona? Hawawezi." Basi mahali penyewe ndipo pangeamua jambo.

Brooklyn walikuwa na timu ndogo katika mji wa Montreal, nao haumo Marekani. Umo Kanada, na wenyeji wake wengi husema Kifaransa. Kutoka New York ilikuwa safari ya usiku mmoja kwa gari la moshi, kwa hiyo Rickey aliweza kupata habari za mtu wake upesi. Robinson akapelekwa huko.

Kwanza ilimpasa kufanya mazoezi ya mwanzo wa mwaka huko Florida, kusini mwa Marekani, na hapo tunaona vizuri mahali ni nini. Katika mji wa Sanford alilazimika kuondoka kwa sababu ya vitisho. Katika Jacksonville milango ya uwanja ilifungwa ili asicheze. Mtu ni yule yule, gongo ni lile lile. Kilichobadilika ni mji tu.

Tarehe 18 Aprili 1946 alicheza mchezo wake wa kwanza na Montreal, ugenini katika Jersey City. Alipiga vizuri mara 4 kati ya 5, na timu yake ikashinda 14 kwa 1. Huko Montreal, yeye na mkewe Rachel walipanga nyumba katika mtaa wa watu wa Kifaransa. Rachel alikuwa mjamzito. Mwenye nyumba alimkaribisha chai, na wanawake wa mtaa wakamsaidia kama mama zetu wanavyomsaidia bibi arusi mgeni asiyemjua mtu. Wala lugha yao hakuijua! Mimi naona wanawake wale nao walifanya kazi kubwa katika habari hii, ingawa vitabu vya mchezo huwataja kwa mstari mmoja, au huwasahau kabisa.

Mwisho wa mwaka Robinson alikuwa mpigaji wa kwanza katika ligi yote. Montreal wakaingia fainali na timu ya Louisville, mji wa kusini. Huko Louisville watazamaji walimzomea vikali. Timu ziliporudi Montreal, watu wa Montreal wakawazomea wachezaji wa Louisville ili kulipa. Montreal wakashinda, na umati ukamkimbilia Robinson kumkumbatia na kumbeba. Tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanjani akiwa mchezaji wa Brooklyn yenyewe.

Mwaka ule ule wa 1946 Brooklyn walikuwa na vijana wengine wawili weusi, Roy Campanella na Don Newcombe. Timu yao ya Danville, katika jimbo la Illinois, ingewafaa, lakini ligi ya huko iliwakataa. Wakapelekwa Nashua, mji mdogo wa viwanda vya nguo kaskazini, nao wakapokewa. Wote wawili baadaye wakawa wachezaji mashuhuri wa Brooklyn.

Tuseme sasa juu ya umbali. Hapa hatuna haja ya kwenda Marekani kwanza. Mwaka 2018 Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu, na mtu wa Bunda aliweza kupanda basi asubuhi, akaitazama Simba au Yanga katika uwanja wa Karume, akarudi kulala kwake. Mwaka 2021 timu hiyo ilicheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Ikaifunga timu ya Ahli Tripoli ya Libya 2 kwa 0 hapa nchini. Kwa mchezo wa marudiano haikufika Libya, safari ilishindikana, ikatolewa bila kufungwa uwanjani. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Kwa hiyo mtu wa Mara hahitaji kuambiwa kwamba safari nayo ni mpinzani.

Marekani walijifunza jambo hilo kwa gharama. Timu kubwa na timu ndogo zilikuwa zikifungana kwa mkataba wa miaka michache, na mikataba ikiisha kila mmoja alitafuta mwenzi mpya. Aliyechelewa alipata kilichobaki. Hivyo mwaka 2019 timu ya Washington, iliyo mashariki, ilijikuta na timu yake ndogo ya daraja la juu katika Fresno, California, upande wa magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 3,500. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya njia ya basi kutoka Musoma hadi Dar es Salaam. Mchezaji akiumia jioni Washington, wa kujaza nafasi yake hawezi kufika kabla ya kesho. (Mwaka ule ule Washington wakawa mabingwa wa nchi. Historia haipendi kumtii mwalimu.) Kuanzia 2021 timu yao hiyo iko Rochester, mashariki.

Mabadiliko hayo ya 2021 yalikuwa makubwa. Wakuu wa besiboli walipunguza timu ndogo kutoka 160 hadi 120, wakazisogeza nyingi karibu na timu mama. Kwa hesabu ya nauli walikuwa na haki. Lakini kila timu iliyofutwa katika orodha ilikuwa na mji wake, na wazee waliozoea kukaa kwenye benchi lile lile kila jioni ya kiangazi. Mji wa Trenton ulikuwa umelea vijana wa New York Yankees tangu 2003, ukaachwa. Frederick, karibu na Washington, nao ukaachwa. Miji hiyo ikaingizwa katika ligi mpya ya vijana ambao bado hawajachukuliwa na timu yo yote.

Na hapo habari inarudi kwetu. Mwaka 2023 katika timu ya Frederick aliingia kijana wa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, aitwaye Dennis Kasumba. Mji ulioachwa ndio uliompokea. Uganda ilikuwa imekwisha kujulikana: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Mwaka 2022 timu ya Dodgers, ambayo siku hizi iko Los Angeles, iliandikisha vijana wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Ni Dodgers ile ile iliyompeleka Robinson Montreal.

Kazi ya darasa. Mwalimu atundike ramani ya Mkoa wa Mara na kuwagawa makundi manne. Tuseme klabu ya Musoma ina fedha za timu moja tu ya vijana. Kundi la kwanza litetee Bunda, kwenye barabara kuu ya Mwanza. La pili litetee Butiama, la tatu Tarime, la nne Mugumu. Pimeni njia, ulizeni nauli, hesabuni shule zenye viwanja. Kisha kila mmoja aandike sentensi tano, na katika sentensi ya mwisho aseme kijana mgeni akishuka kwenye basi usiku, atalala nyumbani kwa nani.