NURU YA MASHINI ZA PICHA KATIKA MISIONI YETU



Katika historia ya Masisi na Walikale haifai tusahau mashini ya picha. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Mapadri Weupe walivyowaonyesha wakatekumeni picha ndogo za kioo juu ya shuka nyeupe, huku grupu ikinguruma nyuma ya kanisa.

Kwanza zilikuwako ampuli za kawaida, wazao wa ile ya Edison ya mwaka 1879. Zilikuwa kubwa, wati 300 ao 500, nyingi za volti 110 ao 220. Waya wa tungsteni ukiwaka hutoa mvuke, nao hushika kioo na kukitia weusi. Hivi ampuli ilififia kabla ya kufa, na nyingi zilihesabiwa saa 25 tu.

Mwaka 1959 Fridrich na Wiley, wa kampuni General Electric ya Marekani, walipata hati ya ampuli ya halojeni. Ndani yake mna iodi ao bromi kidogo, ambayo hushika mvuke wa tungsteni na kuurudisha kwenye waya. Kioo hubaki safi, na nuru hubaki nyeupe mpaka mwisho. Ile ya volti 24 na wati 250 huhesabiwa saa 50. Waya wake ni mfupi na mnene. Huvumilia mitikisiko ya barabara kuliko ule mwembamba wa volti 220.

Lakini halojeni ina masharti. Isiguswe kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi huharibu kioo kikipata moto. Tena, ampuli ya kawaida ikipunguziwa nguvu huishi zaidi. Halojeni ikipoa mno haijisafishi tena. Na zote mbili huogopa grupu isiyotulia: volti zikizidi 5 kwa 100, maisha ya ampuli hupungua karibu nusu.

Sisi wenyewe tulijifunza hayo kwa hasara. Tulipotayarisha yubile hii tuliwasha mashini ya zamani. Grupu iliruka, na ampuli yake ya mwisho ikaungua. Imebaki mashini ya halojeni. Betri mbili za lori, za volti 12 kila moja, zikiunganishwa kwa kufuatana, zaweza kuwasha ampuli yake; lakini feni nayo ipate umeme wake, la sivyo picha itaungua.

Kwa nini tunahangaika hivi? Vita vilivyoanza Ntoto, katika Walikale, mwaka 1993, vilitawanya jamaa zetu. Katika sanduku lililookoka mna sura za wabatizwa ambao makaburi yao hatuyajui. Kampuni Kodak iliacha kutengeneza mashini hizi mwaka 2004, na ampuli ni haba.

Basi tunawaomba wazee waje mapema. Kila picha ionyeshwe kwa muda mfupi, maana nuru kali hula rangi; majina yaandikwe, na picha zinakiliwe. Saa 50 si nyingi, lakini zinatosha kuwataja ndugu zetu kwa majina yao. Mungu awape pumziko la milele.