Mlima Kenya unavyofichua kasoro za kamera kuukuu ya filamu

KAMERA ya filamu iliyoundwa Japani miaka ya 1970 huweza kuonekana nzima kabisa mezani pa muuzaji, chuma kiking'aa na ngozi haijabanduka, kumbe haijui tena kupima umbali. Aliyeinunua huligundua hilo majuma kadhaa baadaye, filamu inaporudi kutoka kusafishwa na nyuso za wageni wote wa harusi zikiwa ukungu mtupu. Harusi hairudiwi.

Kwa mkazi wa Meru au Embu, hasara hiyo ni nzito kuliko ya mwenzake wa jijini. Tangu kamera za dijitali na simu zitwae kazi ya wapiga picha wa mitaani, aghalabu filamu hulazimika kusafiri hadi Nairobi ili isafishwe, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Embu na zaidi ya 200 kutoka Meru. Kosa la siku moja hujulikana baada ya siku nyingi. Ndiyo sababu anayetaka chombo hiki, kiwe cha mitumba au kilichotumwa na jamaa aliye ng'ambo, hana budi kukichunguza kabla ya kutoa pesa.

Kamera inayozungumziwa hapa ni ile ndogo yenye kipima masafa. Katika kamera kubwa zenye kioo ndani, mpigaji hutazama kupitia lenzi yenyewe. Hii ina dirisha lake la kando. Katikati ya dirisha hilo mna doa hafifu, mara nyingi la manjano, ambamo kitu kinachotazamwa huonekana mara mbili. Mpigaji huzungusha lenzi mpaka taswira hizo mbili zilaliane na kuwa moja. Hapo ndipo umbali umepatikana. Kwa kuwa hakuna kioo kinachoruka ndani, kilango cha mwanga hufunguka kwa mnong'ono tu, sifa inayopendwa na anayepiga picha kanisani au mazishini.

Lenzi zake nyingi hazibanduliwi, nazo huwa za milimita 35 hadi 45. Zafaa watu, nyumba na mashamba. Anayetamani wanyama wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru na aachane nazo: ndovu aliye umbali wa mita 100 atatoka pichani akiwa na ukubwa wa mbegu ya kahawa.

Kipimo cha kilele

Kasoro kubwa ya kamera hizi ni lile doa kupoteza shabaha, hasa kamera ikiwahi kuangushwa. Kipimo chake ni rahisi na wakazi wa maeneo haya wamejaliwa nacho bure. Asubuhi, kabla ya mawingu kupanda, lenzi izungushwe hadi kwenye alama ya umbali usio na kikomo, ile inayofanana na tarakimu 8 iliyolazwa. Kisha dirisha lielekezwe kwenye Mlima Kenya. Kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, kiko mbali kiasi kwamba taswira zake mbili lazima zilaliane barabara. Zikiachana kwa upande, kamera hiyo inadanganya. Mlima ukijifunika, mwezi watosha.

Baada ya hapo umbali wa karibu nao upimwe kwa futi ya fundi: mita moja na nusu kutoka kwenye kamera hadi ukutani, kisha namba iliyo kwenye lenzi isomwe. Kamera inaweza kusema kweli kuhusu mlima na kusema uongo kuhusu bibi harusi.

Lenzi nayo imulikwe kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Katika miteremko yenye ukungu na mvua, kama vile Kianjokoma, Nkubu na vilima vya Nyambene, unyevu wa masika ya Machi hadi Mei hualika kuvu, ambayo hutambaa kwenye vioo kama utando wa buibui. Kuvu chache za pembeni zavumilika. Zilizoenea katikati hufifisha picha nzima. Pande za chini zilizo kavu, kama Siakago na Ishiara, adui ni vumbi. Lenzi inayokwaruza ikizungushwa imeshakula mchanga. Mkoba wa ngozi, ambao wengi huuona kuwa kinga, hunyonya unyevu na kuutunza. Afadhali kopo lenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kukausha vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Sponji nyeusi zinazoziba mwanga mlangoni mwa kamera huwa zimegeuka lami kufikia sasa. Hilo si la kuvunja biashara, kwani kuzibadilisha ni kazi ndogo, lakini bei na ishushwe.

Suala la betri

Nyingi za kamera hizi ziliundwa kutumia betri ya zebaki ya volti 1.35. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa betri hizo mwaka 1996 kwa sababu ya sumu yake, na mataifa mengine yakafuata. Betri ya kawaida ya volti 1.5 huingia, ila kipima mwanga hudhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha hutoka na giza. Betri za zinki za vifaa vya kusaidia kusikia zinakaribiana zaidi na volti za awali, japo hudumu kwa miezi michache tu zikishafunguliwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si jina la kamera, bali ni iwapo inafyatua bila betri. Canon Canonet QL17 G-III ya mwaka 1972 hufyatua kwa kasi zake zote, na vivyo hivyo Olympus 35 RC ya mwaka 1970 na Minolta Hi-Matic 7sII ya mwaka 1977. Yashica Electro 35, iliyotoka mwaka 1966 na kuuzwa kwa wingi duniani, hutegemea umeme: bila betri hubaki na kasi moja tu, ya sehemu 1 ya 500 ya sekunde. Isitoshe, mpira mdogo uliomo ndani yake huoza. Mkono wa kuvuta filamu ukivutwa bila kusikika mlio mzito wa "tok", mpira huo umekwisha.

Olympus XA ya mwaka 1979, kazi ya mbunifu Yoshihisa Maitani, ndiyo ndogo kuliko zote hizo na hukaa katika mfuko wa shati. Haifanyi lolote bila betri, lakini hutumia vibetri viwili vya LR44, ambavyo hupatikana kwa mafundi wa saa. Kwa anayesafiri kwa matatu, huo ni utetezi wa kutosha. Kwa anayeanza, hata hivyo, 35 RC au Canonet ni chaguo salama zaidi. Tofauti yao imo kwenye tundu la lenzi: lile la Canonet, la 1.7, huingiza mwanga karibu mara tatu ya lile la 35 RC, la 2.8. Ndani ya kanisa la mbao wakati wa mvua, tofauti hiyo huonekana. Mchana juani haina maana yoyote.

Jua la ikweta, inayopita karibu na mji wa Meru, lina hila yake. Saa sita huwa utosini na kuacha vivuli machoni, na anga jeupe huhadaa kipima mwanga hadi nyuso nyeusi zikapotea kabisa. Wazoefu hukihadaa nacho: filamu ya ISO 200 huandikiwa 100 kwenye kamera wakati wa kupiga picha za watu walio mbele ya anga au vazi jeupe, na uso hupata mwanga maradufu. XA ina kiwiko maalumu cha kazi hiyo upande wa chini.

Filamu ya kwanza haifai kupelekwa kwenye sherehe. Ipigwe nyumbani: mlango, ng'ombe, jirani aliyekubali, mlima wenyewe, huku umbali na kasi ya kila picha vikiandikwa daftarini. Daftari hilo litunzwe hadi negativu zirudi kutoka Nairobi, maana bila hilo hakuna atakayejua iwapo picha ya saba iliharibiwa na kamera au na mkono.