Kadi ya Mituweli Hainunui Maharagwe

Mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu ya chini, mtaa wa maskini uliokuwa katikati ya Kigali, walihamishwa. Baadhi yao walipewa nyumba Batsinda, katika umurenge (kata) wa Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Nyumba zilikuwa imara kuliko zile za udongo walizoziacha, lakini riziki ilibaki mjini: aliyekuwa akienda kwenye kibarua kwa miguu sasa alihitaji nauli. Anayepima afya ya mtu kwa kuta na mabati peke yake anakosea.

Mwaka huohuo serikali ya Rwanda ilianzisha VUP, mpango wa kupunguza umaskini, kwanza katika imirenge 30, mmoja kila wilaya. Wenye nguvu walipata vibarua vya matuta na barabara. Wazee na wasio na mtu wa kuwafanyia kazi walipokea posho ya fedha taslimu.

Mituweli, bima ya afya ya jamii, ilitangulia. Ada za matibabu ziliporejeshwa mwaka 1996, watu waliacha kwenda zahanati, ndipo bima hiyo ikajaribiwa mwaka 1999 Byumba, Kabgayi na Kabutare. Mageuzi makubwa, kwa maoni yangu, yalikuja 2011: michango ikapangwa kwa madaraja ya ubudehe, yaani makundi ya kaya kwa kipato, faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa mtu, na fukara kabisa wakalipiwa. Mwaka 2005 walikufa watoto 152 kati ya kila 1,000 kabla ya kutimiza miaka 5. Kufikia 2015 ilikuwa 50. Chanjo, vyandarua na washauri wa afya wa vijijini pia walichangia, lakini mama asiyeogopa gharama humpeleka mtoto mapema.

Udumavu wa watoto umekuwa mgumu zaidi kupunguza. Ulikuwa asilimia 44 mwaka 2010, na muongo mmoja baadaye bado asilimia 33. Kadi ya mituweli hulipia kidonge, hainunui maharagwe wala mayai. Wachumi Craig McIntosh na Andrew Zeitlin walilipima jambo hili katika wilaya za Rwamagana na Kayonza: familia zilipopewa fedha kidogo, zililipa madeni, ila watoto hawakukua zaidi. Fedha zilipozidi dola 500 kwa familia, mlo uliboreka na watoto wakaongezeka kimo.

Huko Gacuriro, ndani ya Kinyinya hiihii, yamesimama majumba ya kifahari ya Vision City. Lakini fukara hahitaji kuta tu, anahitaji fedha za chakula, na VUP tayari ina posho ya wajawazito na watoto wachanga wa familia fukara. Serikali iiongeze, na iwafikie pia wapangaji wa chumba kimoja mjini.