Sunburst na Santuri Iliyosahauliwa: Dokezo la Historia ya Roki ya Kiswahili

Wanaochunguza historia ya wimbo wa Kiswahili aghalabu hupita njia mbili: ile ya tenzi na taarabu za pwani, na ile ya dansi iliyolelewa na rumba ya kwetu Kongo. Roki haihesabiwi. Ndiyo sababu santuri iitwayo Ave Africa, ya mwaka 1976, ilibaki kwa takriban miaka arobaini mikononi mwa wakusanyaji wachache, hata kampuni ya Strut ya London ilipoichapisha upya mwaka 2016 pamoja na kanda za tangu 1973.

Wenyewe ni Sunburst, bendi iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Mwimbaji wake alikuwa James Mpungo. Mpiga gitaa, Hembi Flory Kongo, alitoka Zaire. Wengine walikuwa Watanzania, na Jamaika nayo ikawakilishwa. Wakati wenyewe haukuwa mwepesi kwa vijana wa aina hiyo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini humo. Kupiga gitaa la kukwaruza na kinanda cha umeme, kisha kuimba kwa Kiswahili, kulikuwa namna ya kujibu shutuma ya kuiga wageni bila kuacha umeme. Kinshasa, Zaiko Langa Langa, waliozaliwa mwishoni mwa 1969, walijibu swali lililo jirani kwa kuachana na tarumbeta na saksafoni.

Mtindo wao waliuita kitoto. Kiambishi ki- hapa ni kile cha namna, kama katika kizungu au kizee. Basi ni kufanya mambo jinsi watoto wafanyavyo. Msomaji wa Goma asichanganye na katoto ketu, wingi wake tutoto, ambako ka- hupunguza umbo. Sunburst hawakujipunguza. Walilichukua neno ambalo mzee hulitumia kukemea, wakalifanya jina la fahari.

Majina ya nyimbo yanastahili uchunguzi zaidi kuliko yalivyopata. Katika "Enzi za Utumwani" sarufi sanifu ingetarajia "enzi za utumwa". Lakini -ni ya mahali inaugeuza utumwa kuwa nchi ambayo watu waliwahi kukaa, na waliyoweza kutoka. "Ukweli Hauchanganyiki" lina kauli ya kutendeka katika hali ya kukana: ukweli haukubali kuchanganywa. Kwa bendi iliyochanganya mataifa, midundo na lugha, jina hilo lina kejeli, iwe ilikusudiwa au la. Na "Ave"? Kwa Mkatoliki wa Kivu neno hilo humtangulia Maria; hapa linaiamkia Afrika.

Kwa nini basi santuri hii ikasahauliwa? Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi, ila kanda zilibaki katika hazina yake. Aliyetaka santuri alielekea Nairobi. Sunburst walikwenda Zambia, ambako roki ilikuwa imeshamiri kwa kina WITCH na Amanaz, na huko ndiko walikorekodi Ave Africa. Bendi ilivunjika muda mfupi baadaye. Ikawa santuri ya Kiswahili iliyozaliwa mbali na wasikilizaji wake, bila bendi ya kuipigia debe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa.

Kwa mwanaisimu hasara hiyo si ya muziki pekee. Kiswahili cha vijana wa mjini cha miaka ya 1970 hakikuandikwa sana vitabuni, kiliimbwa. Hapa Goma, ambako lava ya Nyiragongo iliteketeza sehemu ya mji mwezi Januari 2002, santuri na kanda za majumbani zinahitaji kuorodheshwa sasa, maneno yake yakinakiliwa jinsi yalivyotamkwa, bila kusanifishwa.