Vakansi ya Watoto katika Nchi ya Beni na Butembo

Shule zikifungwa mwezi wa Julai, wazazi wengi wa Butembo hawana fedha ya safari. Basi zamani tuliwapeleka watoto kwa babu na nyanya kijijini. Nauli ilikuwa kidogo, kitanda bure, na chakula kilitoka shambani. Mtoto alilima maharagwe asubuhi, jioni akasikiliza hadithi kwa Kinande, lugha ambayo shule haikumfundisha sana.

Tangu Oktoba 2014 mauaji katika nchi ya Beni yaliwafukuza watu wengi mashambani. Wazee wakakimbilia mjini, wakalala chumba kimoja na wajukuu wao; vakansi ikageuka, wenyeji wakawa wageni. Kisha tarehe 1 Agosti 2018, vakansi ikiendelea, Ebola ikatangazwa, nayo ilianzia upande wa Mangina. Kupeana mikono kukaachwa. Kwa watoto waliozoea kumsalimu nyanya kwa mkono, jambo hilo lilikuwa gumu kuliko njaa. Ugonjwa uliua watu zaidi ya 2,200 kabla haujatangazwa kwisha Juni 2020.

Katika nyumba nyingi hadithi hazikukatika. Nyanya husimulia uani, watoto wakimenya maharagwe yaliyonunuliwa sokoni, nao husahihishwa Kinande chao.