Programu Isiyojua Kutoka

Wasee, leo acha niwape historia moja ambayo sikuwahi kufunzwa kampasi.

Muda mfupi baada ya kuacha masomo, nilimtengenezea shangazi programu ya kuandika madeni ya duka lake. Nikaweka ikoni kwa kompyuta yake, nikaenda zangu nikijiona injinia. Kesho yake simu: "Wewe, kitu chako hakifunguki, na pia hakitoki!" Kumbe ikoni ilikuwa inaelekeza kwa flashi yangu, na flashi iko mfukoni mwangu. Faili zingine nilikuwa nimezitawanya kila mahali. Ilibidi alipe fundi asafishe. Manze, hiyo aibu ndiyo ilinifanya nianze kuchimba.

Enzi za DOS, programu nyingi zilikaa kwa folda moja. Ukichoka nayo unafuta folda, imeisha hiyo. Windows ilipokuja, programu zikaanza kuweka faili kwa folda ya mfumo na mipangilio kwingine. Ukifuta folda, makombo yanabaki. Ukifuta makombo ovyo, unaweza kuangusha programu nyingine iliyokuwa inatumia faili hizo hizo.

Halafu 24 Agosti 1995 ikatoka Windows 95, na menyu ya Start, ikoni za njia ya mkato, na sehemu ya kuondoa programu. Njia ya mkato ni kifaili kidogo kinachobeba anwani tu. Ndiyo maana ukiifuta, programu yenyewe bado iko. Na ile orodha ya kuondoa? Windows haijui kutoa programu ya mtu. Kisakinishi huandika jina la programu na amri ya kuiondoa kwenye daftari la mipangilio liitwalo Registry. Ukibonyeza, Windows inaita tu kiondoaji cha aliyeitengeneza. Kama hakukitengeneza, pole yako. Microsoft ilibidi iweke sharti: bila kiondoaji, hupati nembo ya Windows 95.

Mwaka 1997 Jordan Russell akatoa Inno Setup, bure. Nullsoft, wale wa Winamp, nao wakaleta NSIS, bure pia. Kwa NSIS unaandika mwenyewe hatua za kuondoa. Inno Setup huweka kumbukumbu ya ilichosakinisha, kisha huifuata kurudi nyuma. Kwa hivyo kisingizio cha "sina pesa ya vifaa" kilikufa kitambo.

Bado kuna waliokataa kuweka mlango wa kutoka. Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD za muziki zilizoingiza programu ya kuzuia kunakili kwenye Windows, ikajificha, bila kiondoaji. Mark Russinovich aliianika 31 Oktoba. Kampuni ilipotoa kiondoaji cha mtandaoni, nacho kikafungua mwanya wa kiusalama. CD zikarudishwa, kesi zikafuata.

Hao walikuwa na mawakili na mainjinia. Mimi nilikuwa na flashi tu, lakini kosa ni moja: kuingia kwa kompyuta ya mtu bila kufikiria utatokaje.

Nilirudi kwa shangazi na kisakinishi cha Inno Setup. Hakutaka hata kukiona. Nikamwambia, sawa, nitakiweka halafu nikiondoe mbele yako. Nikaweka, nikaondoa. Akakagua folda, akakuta safi.

Ndipo akasema, "Haya, rudisha."